Kwa nini wazee wetu wanaondoka na siri zao? Nimetoka kumzika baba, Chamwino

#1 Mwana wa Chamwino
Mbukwenyi wakuu.

Nimerudi mjini juzi baada ya kuanua matanga ya baba. Alikuwa na miaka 78. Saratani ya tezi dume iligundulika ikiwa imeshafika kwenye mifupa, na tangu tuambiwe mpaka anafariki ilipita miezi mitano. Miezi mitano! Hakugongwa na gari. Tulikuwa naye, akili timamu, kila asubuhi anauliza kama Mvumi mvua imenyesha. Na bado ameondoka hatujui lolote.

Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la bati la kijani, lina kofuli. Ufunguo hatukuuona. Siku ya tatu baada ya mazishi baba mdogo akalikata lile kofuli kwa msumeno wa chuma, ukoo wote umekaa. Ndani tukakuta shati jipya halijawahi kuvaliwa, kadi za kliniki, picha ya bibi, daftari, na bahasha ya kaki yenye stakabadhi za kiwanja Nkuhungu za mwaka 1994, za ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa 2017. Hata mama hakuwahi kusikia kwamba baba ana kiwanja mjini. Nimekwenda kukiangalia: kuna nyumba ya watu, ina geti, mtoto anaendesha baiskeli uani.

Kwenye daftari kuna majina na hesabu. Fulani ng'ombe wawili. Fulani gunia nne za mtama. Hakuandika nani anamdai nani. Tayari wamekuja watu watatu kudai, na hakuna aliyekuja kulipa.

La pili, maumivu. Wiki mbili za mwisho baba alikuwa anauma shuka ili watoto wasimsikie. Tulimpa Panadol na vile vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Hilo linaniuma kuliko kiwanja.

Swali: kwa nini wazee wetu hawajiandai? Na nyie ambao wazazi wenu wako hai, mmefanyaje?

#2 Mlenda na Uwele
Pole sana ndugu yangu.
Jibu ni uchuro. Kwetu Bahi ukimwambia mzee aandike wosia, umemwambia umeshamchimbia. Mjomba wangu alithubutu kumuuliza babu mwaka 2009, akafukuzwa na fimbo mpaka barabarani, na hakualikwa kwenye pombe ya mavuno miaka miwili.

#3 Kijana wa Ipagala
Mlenda, uchuro ni kisingizio. Wazee wanaogopa watoto wao. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kweli kweli, shamba la Ihumwa lililokuwa halipati mnunuzi wa kulilimia limekuwa la kukatwa viwanja. Mzee akishataja nani kapewa nini, kuna mtoto ataanza kuhesabu siku. Baba yangu mkubwa alitaja. Kuanzia hapo alikuwa anaonja chakula baada ya mbwa. Sisemi kulikuwa na sumu, nasema aliishi hivyo mpaka mwisho wake.

#4 Karani wa Zamani
Poleni wafiwa.
Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka 31, mirathi zimepita mikononi mwangu hadi nikaota mvi. Wote wawili mna haki kidogo, lakini mnasahau jambo moja. Mali ya mzee wa Kigogo ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe anatembea mbele za watu. Kila jirani alijua yule mwenye doa ni wa nani, yule ndama amewekezwa kwa nani, yule jike ni wa mahari ya binti yupi. Wosia ulikuwa zizini, asubuhi unatoka jioni unarudi. Kiwanja hakitembei, kinakaa kwenye bahasha. Wazee walibadilisha aina ya mali lakini hawakubadilisha namna ya kuitunza. Siioni kuwa woga, ni mazoea.

#5 Mzabibu Mwekundu
Karani umenena. Ila tusidanganyane, wosia bila wakili ni karatasi tu. Na mawakili mnajua bei zao, mzee wa Hombolo anayeuza zabibu kwa kreti atawapata wapi? Hata matajiri wosia zao zinaanguka. Mzee Mengi alifariki 2019, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua wosia wake.

#6 Karani wa Zamani
Mzabibu, hapo kwenye wakili umepotoka, na upotofu huo umenyima wengi haki. Wakili anasaidia, halazimishwi na sheria.

Kwa wanaofuata mila, kanuni za wosia za mwaka 1963 zinataka hivi: kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje ya ukoo. Kama hajui, angalau wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao upo, mashahidi wanne vilevile. Shahidi asiwe mtu anayegawiwa. Tarehe iwepo. Na ukimnyima mtoto, andika sababu, usimruke tu kama hukumzaa. RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika wosia na kuutunza.

Kuhusu Mengi ni kweli ulitenguliwa, na mojawapo ya hoja ilikuwa hali ya afya yake wakati wa kuuandika. Ndiyo maana nasema andika ukiwa unatembea kwa miguu yako. Nimeona wosia uliowekwa dole gumba na mgonjwa ambaye hata jina la mkewe alishalisahau. Haukumaliza dakika kumi mbele ya hakimu.

#7 Binti Irangi
Pole kaka.
Si wazee wote hawajiandai. Bibi yangu wa Kondoa alikuwa na sanda yake. Aliinunua mwenyewe, akaikunja na karafuu maiti na ubani, akaiweka kwenye kikapu cha ukili juu ya kabati. Kila mwaka kabla ya Ramadhani anaitoa, anaianika ndani, anairudisha. Sisi wajukuu tulikuwa tunaigusa. Alituambia nani atamwosha na nani asimwoshe. Madeni yake yalikuwa mawili: shilingi elfu nane kwa muuza mafuta ya taa, na kanga ya jirani aliyoazima akaiunguza. Alilipa vyote viwili. Wiki ya mwisho aliita mmoja mmoja: "Nisamehe, nami nimekusamehe." Tulimtamkisha shahada hadi akanyamaza. Watu waliokuja wote walisema husnul khatima, yaani mwisho mwema.

Nyumba aliiusia kwa mama yangu kwa sababu ndiye aliyemuuguza.

#8 Mtu wa Pahi
Binti Irangi, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Ila nikurekebishe dada yangu. Kwa sheria ya Kiislamu huwezi kumuusia mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya kifo. Na wasia hauvuki theluthi ya mali. Yanatangulia mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mirathi. Mama yako ni mrithi tayari. Hapo wajomba zako wakiamka mna kesi.

#9 Binti Irangi
Asante kaka, nimempigia mama. Nimetumia neno vibaya. Haikuwa wasia, ilikuwa hiba: alimpa akiwa hai, miaka sita kabla, mbele ya shehe na wajomba wote, na mama akahamia siku hiyohiyo. Wajomba walikula pilau ya siku ile, kwa hiyo hawawezi kuamka.

#10 Mama wa Kongwa
Mnaongea kama mirathi ni ya wanaume peke yao. Mimi ni mjane. Mume wangu alifariki bila wosia, na nikasomewa amri ya sheria za mila ya 1963: mjane hana fungu kama ukoo wa marehemu upo, atatunzwa na watoto wake. Mabinti wako daraja la tatu, nyuma ya kaka zao. Wanangu ni mabinti watatu. Shemeji yangu alikuja na futi ya kupimia kabla sijavua nguo nyeusi.

Wajane wawili wa nchi hii walilipeleka jambo hili mbali, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Nilivijua vyote hivyo baadaye, kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria, nyumba imeshauzwa.

Karani, unasema ni mazoea. Mume wangu alikuwa mwalimu. Aliandika maandalio ya somo kila jioni kwa miaka 22. Kuandika alijua. Nafikiri hakutaka kuandika kwa sababu angelazimika kuchagua kati yangu na kaka zake. Akawaachia wengine wachague.

#11 Karani wa Zamani
Mama wa Kongwa, pole. Sina cha kukupinga. Niliandika mienendo ya kesi za namna hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na kuna usiku bado nazikumbuka.

#12 Nesi Mstaafu
Nimesoma tangu juu. Mmekimbilia mali zote, hakuna aliyegusa shuka. Mleta mada alisema hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Maumivu ya saratani iliyofika kwenye mifupa hayatulizwi na Panadol peke yake. Ipo tiba shufaa, na kazi yake ni kumpunguzia mtu mateso, ugonjwa upone usipone. Ipo mofini ya maji, ya kunywa, chungu kama mwarobaini. Inatolewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, mgonjwa asisubiri mpaka alie. Inafunga choo, kwa hiyo inaendana na dawa ya kulainisha. Lazima daktari aandike, na haipo kila kituo. Taasisi ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam wameifanya kazi hii muda mrefu. Ukiwa huku, uliza hospitali kubwa kwa jina lake, sema "tiba shufaa", usiseme tu "dawa ya maumivu", utapewa hizohizo.

Wenzetu Uganda walianza na mofini ya kunywa mwaka 1993, na 2004 wakaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, ndipo ikafika vijijini.

Na mambo ya nyumbani ambayo hayahitaji daktari: mgeuze ubavu kila saa mbili, mchana na usiku, vidonda vya mgongo visianze. Loweka kitambaa safi, mpanguse midomo na ulimi. Akifika siku za mwisho akakataa uji, msimlazimishe. Nimeona wana wema wakimkaba mama yao kwa kijiko wakidhani wanampenda. Mwili unaofunga safari hauombi chakula.

#13 Mlenda na Uwele
Nesi, shikamoo. Lakini mofini si ndiyo inayommaliza mtu? Kwetu tunajua akishaanzishwa hiyo, nunueni sukari ya msibani.

#14 Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mnajua hivyo kwa sababu inaletwa mwishoni. Mtu analia miezi mitatu, dawa inakuja siku ya 88, siku ya 90 anakufa, mnailaumu dawa. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kupandishwa taratibu, haimuui. Nilikuwa na mama mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi, alikuja amebebwa kwenye machela ya kanga. Alipotulia maumivu alirudi kwake akapalilia karanga. Aliishi miezi saba, na hiyo miezi saba ndimo alimogawa vitu vyake. Mtu mwenye maumivu hawezi kuandika wosia. Anaweza kuuma shuka tu.

#15 Mwana wa Chamwino
Nesi, asante. Nimesoma mara mbili. Hakuna aliyetutajia hilo neno mahali popote tulipompeleka.

#16 Fundi wa Majengo
Natengeneza majeneza tangu 1998. Wanaojiandaa wapo. Mwaka juzi alikuja mzee mmoja na baiskeli, akasema nipime. Nikacheka, yeye hakucheka. Akavua kofia, akalala kwenye benchi langu la randa, mikono kifuani. Nikampima. Akachagua mninga, akalipa nusu, akasema litakaa kwake ghalani na ataweka mahindi humo mpaka siku yake. Juzi nimepita, yupo, na mahindi yamo.

Mimi funzo langu ni Juni 2002, ajali ya treni ya Igandu. Walikufa watu 281. Tulipigilia misumari usiku kucha, fundi wote wa mtaa. Wasiotambuliwa walizikwa pamoja kule Maili Mbili. Tangu siku ile nina karatasi kwenye pochi: jina, kijiji, namba ya dada yangu. Naibadilisha ikichakaa. Kujiandaa kwangu kulianzia hapo, mali sina.

#17 Mzabibu Mwekundu
Fundi, mninga siku hizi unaupata wapi? Mimi nilitafuta mbao za fremu ya mlango nikarudishwa na bei.

#18 Fundi wa Majengo
Mzabibu, wewe kwa urefu wako nitakutengenezea la mkongo, ukitaka mninga punguza miguu. Njoo karakana tuongee, usiharibu uzi wa watu.

#19 Mzabibu Mwekundu
Hahaha nimekoma. Nakuja Jumamosi na kreti moja.

#20 Kijana wa Ipagala
Tukirudi kwenye mada. Mimi nina miaka 29, nimeanza na kidogo. Nimemwambia mke wangu namba ya siri ya simu, maana salio la mwenye simu akifa linageuka safari za ofisini. Kule kazini nimerekebisha majina ya wategemezi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, nilikuta bado nimemwandika mchumba wa zamani. Mke wangu aliiona fomu ya zamani. Hayo ni mengine.

#21 Mama wa Kongwa
Kijana umefanya la maana, na mwombe radhi mkeo.

Mleta mada, nina swali. Katika miezi ile mitano, baba hakuwahi kuomba kitu chochote cha ajabu? Hakutaja jina la mtu, mahali? Nauliza kwa sababu mume wangu wiki moja kabla aliniambia "kamwite kaka", nikamwambia pumzika kwanza.

#22 Mwana wa Chamwino
Mama wa Kongwa, swali lako nimelala nalo.

Mwezi wa tatu wa kuugua nilikuwa nyumbani likizo. Tulikuwa tunamtoa nje asubuhi, kwenye kitanda cha kamba chini ya mkwaju. Siku moja akaniambia, "Lile sanduku lete hapa lipigwe jua." Nikamwambia baba ni zito, jua lenyewe kali, pumzika, tutalitoa kesho. Akanyamaza. Baada ya siku mbili akasema tena, "Sanduku lina unyevu." Nikamwambia ukipona tutalitoa. Hakurudia.

Nilidhani ni maneno ya ugonjwa. Nimeandika hapa kwamba wazee wetu hawasemi.

#23 Mlenda na Uwele
Mkuu, usijihukumu. Inawezekana alitaka lipigwe jua kweli. Mabati yanashika kutu, shati jipya lilikuwemo. Babu yangu naye alikuwa anaanika vitu vyake kila kiangazi na hakuwa na siri yoyote.

#24 Kijana wa Ipagala
Mlenda, mara mbili? Na ufunguo alikuwa nao nani?

#25 Katekista wa Makole
Ndugu zangu, nimesindikiza wagonjwa wengi na padri kwa ajili ya mpako. Sisi Wakatoliki tunamwomba Mtakatifu Yosefu atujalie kifo chema, kwa hiyo neno "kifo chema" si geni kanisani. Ninachokiona vyumbani ni hiki: mgonjwa akianza kusema, watu wazima wote wanaanza kuimba. Tunaimba kwa sauti, tunamfunika. Mzee mmoja aliinua mkono kama mwanafunzi darasani, tukadhani anabariki, tukaongeza ubeti. Sijui alitaka kusema nini. Siku hizi nikiingia natoa kiti, nakaa, nauliza "una neno?" kabla ya kitabu cha nyimbo.

Ila Kijana naye ana hoja. Kuna nyumba nimekaa, nimeuliza, mgonjwa akatazama watoto wake mlangoni, akafumba macho.

#26 Karani wa Zamani
Mwana wa Chamwino, kuhusu kiwanja: usiende kugombana na wenye geti. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, apendekezwe msimamizi wa mirathi, mkafungue shauri mkiwa na cheti cha kifo. Msimamizi ndiye atakwenda ofisi ya ardhi na zile stakabadhi kuuliza kiwanja kilihamaje. Huenda baba alishakiuza akasahau kuchana karatasi. Hilo nalo nimeliona mara nyingi. Na lile daftari msiliache kwa baba mdogo. Litolewe nakala leo.

#27 Mwana wa Chamwino
Shikamoo mzee, asante. Nakala nimetoa mchana. Mama ameangalia tena, majina mawili anayatambua: walikuwa wanamdai baba, walishalipwa ng'ombe wao mwaka wa njaa. Mama anajua mengi kumbe. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nikiwemo.

#28 Mtu wa Pahi
Hapo sasa. Muulize na ya kwake mwenyewe akiwa hai.

#29 Mlenda na Uwele
Muulize taratibu lakini, mpelekee sukari kwanza.

#30 Mgeni wa Mpwapwa
Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Shangazi yangu ana saratani ya titi, kidonda kimefunguka, tuko naye kijijini, mwendo wa saa mbili kwa bodaboda hadi barabara kubwa. Tangu juzi halali. Anatumia Panadol tu. Yule Nesi bado yupo hapa?

#31 Nesi Mstaafu
Nipo mwanangu. Nitumie namba yako kwenye ujumbe wa faragha, nikupigie sasa hivi. Wakati unangoja, kioshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, usikisugue, mfunike kwa kitambaa safi. Muulize maumivu yako wapi na yanaanza saa ngapi, uandike. Msingoje Jumatatu.

#32 Mgeni wa Mpwapwa
Nimetuma.